Mayai ya kuchemsha au yaliyochemshwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina gesti ndogo hapa Tanga, na asubuhi tunawauzia wageni chai. Ubaoni niliandika "mayai yakuchemsha, mayai yakukaanga, mkate wa mayai". Mzee mmoja, mkaguzi wa shule mstaafu, akaniambia nimekosea. Anasema "mayai ya kuchemsha" ni mayai yanayochemsha kitu kingine, au ambayo bado hayajachemshwa, kwa hiyo niandike "mayai ya kuchemshwa" au "yaliyochemshwa". Kijana wangu wa jikoni anacheka tu. Nani amepatia? Na yale yasiyovurugwa, kiini kikabaki kizima, yanaitwaje? Kuna mtu ameniambia niandike "kiwanda".

JIBU: Marahaba. Kijana wa jikoni amepatia, ingawa ubao wenyewe una kasoro mbili ambazo mzee hakuzigusa.

"Mayai ya kuchemsha" ni Kiswahili fasaha, tena ndicho kinachosemwa na kila anayeuza mayai hayo kwenye ndoo stendi ya mabasi. Mzee amefanya hesabu. "Kuchemsha" ni kitenzi cha kutendesha, kimetokana na "kuchemka", lazima kiwe na mtenda. Jina lililo karibu ni "mayai", basi mayai ndiyo yanayochemsha. Kwa hesabu hiyo nyama ya kuchoma ingemchoma mlaji, na samaki wa kupaka angeshika mwiko ajipake tui mwenyewe.

Kiswahili hakiendi hivyo. Ukiweka "-a" ya unganifu (ya, wa, la, za) mbele ya kitenzi chenye "ku-", unataja aina ya kitu: kinavyotayarishwa, au kazi kinayofanyiwa. Mtenda hatajwi wala hatafutwi. Wewe ni mtu wa pwani, chukua mkate wa kumimina. Mchele husagwa pamoja na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki, ukaachwa uumuke, kisha rojo lile likamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupikwa kwa makaa juu na chini. Anayemimina ni mpishi, lakini jina limebeba kitendo tu, na hakuna bibi yeyote Tanga wala Unguja anayeuita "mkate wa kumiminwa". Ndizi za kukaanga, mahindi ya kuchoma na maji ya kunywa ni hivyo hivyo.

Hofu ya kwamba mayai yatadhaniwa kuwa ndiyo yanayochemsha, lugha yenyewe imeshaiondoa. Kitu cha kutendea kazi kina umbo lake, nalo ni kauli ya kutendea. Sufuria ni ya kuchemshia, mafuta ni ya kukaangia, mwiko ni wa kukorogea na kuni ni za kupikia. Mayai yangekuwa chombo cha kuchemsha kitu kingine tungesema "mayai ya kuchemshia", na hapo ningeomba nionyeshwe. Lakini yako mayai yanayostahili umbo hilo. Ukitengeneza katlesi, unavunja yai moja au mawili kwenye bakuli, unayapiga kidogo kwa uma, unachovya katlesi kabla ya kuitia kwenye mafuta ya moto. Hayo ni mayai ya kuchovyea. Tofauti ya "kuchovya" na "kuchovyea" ni irabu moja, na mtoto wa miaka sita haikosei.

Sasa njoo kwenye pendekezo lake la kwanza, "mayai ya kuchemshwa". Hapa ndipo mzee amejitega mwenyewe, kwa sababu umbo hilo ndilo lenye maana aliyoiogopa. Kauli ya kutendwa baada ya "-a" ya unganifu huelekea mbele, kwenye jambo linalosubiri kufanywa. Mpishi akimwambia msaidizi wake alfajiri, "Mayai ya kuchemshwa yako kwenye ndoo, ya kukaangwa yako kwenye trei," anazungumzia mayai mabichi. Ndivyo tunavyosema pia nguo za kufuliwa, madaftari ya kusahihishwa na mgonjwa wa kulazwa. Mgeni akisoma ubaoni "mayai ya kuchemshwa" ana haki ya kuuliza yatachemshwa lini.

Ni kweli kwamba hata "mayai ya kuchemsha" yanaweza kuwa mabichi, mwenye duka akikwambia "haya madogo ni mazuri ya kuchemsha". Mahali ndipo panapoamua. Sokoni ni mabichi, na kwenye meza ya chai hakuna anayeyadhania hivyo.

"Yaliyochemshwa" ni jambo jingine. Halina kosa, ila kazi yake si kutaja aina ya chakula. Kirejeshi, yaani hiyo "-yo-" ya katikati, kinasimulia tukio, kinabeba wakati, na kinakubali kukanushwa: mayai yaliyochemshwa jana, yanayochemshwa sasa hivi, yasiyochemshwa vizuri. Jaribu kuikanusha "mayai ya kuchemsha" uone. "Mayai ya kutochemsha" hayapo, kwa kuwa jina la aina halina jana wala leo. Ndiyo maana bango la zahanati husema "kunywa maji yaliyochemshwa". Pale kinachotakiwa ni uhakika kwamba kitendo kimefanyika, sufuria imetokota, vijidudu vimekufa. Na ndiyo maana maelekezo ya mchuzi wa mayai yanaweza kusema, "Chukua mayai manne yaliyochemshwa, yamenye, yachanje kidogo ili nazi iingie." Pale tunafuata hatua kwa hatua, na hatua ya kuchemsha imeshapita. Ubao wa chai hausimulii hatua. Mgeni anataka kujua kuna nini, basi.

(Vijana wana "kuchemsha" yao. Timu iliyofungwa nyumbani "imechemsha", na uwanjani hakuna anayeuliza imechemsha nini. Hao mtendwa hawamhangaikii.)

Jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, wakaitupa hata hiyo "-a" ya unganifu. Barabarani Nairobi muuzaji analipasua yai la kuchemsha kwa kisu bila kulitenganisha, analijaza kachumbari na pilipili, na jina lake ni "mayai pasua". Ni ndugu wa "nyama choma", ambayo imeenea Afrika Mashariki nzima. Kwa mwandishi wa mtihani nisingeipendekeza, lakini kwa ubao wa biashara sioni dhambi. Ila angalia mpangilio wa maneno. Kwenye "chemsha bongo" kitenzi kimetangulia, na bongo ndiyo inayochemshwa. Vivyo hivyo "kifungua kinywa", ambamo kinywa ndicho kinachofunguliwa. Hao wa "mayai pasua" wamegeuza, jina mbele na kitenzi nyuma, na bado kila mtu anajua kisu kimepita wapi.

Kasoro ya kwanza ya ubao wako sasa. Umeandika "yakuchemsha" na "yakukaanga". Tenganisha: ya kuchemsha, ya kukaanga. Kosa hili liko kila mahali, kuanzia vibanda vya chipsi hadi barua za ofisi ("nguo zakuvaa", "mada yakujadili"). Linatokana na masikio, maana tunayatamka kwa pumzi moja. Lakini hiyo "ya" ni neno linalojitegemea, na ndilo linalobadilika yai likiwa moja: yai la kuchemsha. Ukiandika "kukaanga" usiibanie irabu, ziko mbili. "Mayai ya kanga" ni ya yule ndege mwenye madoadoa, na sidhani kama unayo jikoni.

Majina ya mapishi yenyewe yanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu kamusi na jiko hazisemi kitu kimoja. Kwetu mtu akiagiza "mayai ya kukaanga" bila maelezo, mara nyingi ataletewa yaliyopigwa pamoja na kitunguu, na nyanya au hoho likiwepo, yakamiminwa kwenye kikaango na kugeuzwa yakiwa bapa. Kamusi zina jina la hayo, "kimanda". "Kiwanda" ndugu yako hakukitunga; ni jina la zamani la chakula hicho hicho, "kiwanda cha mayai". Lakini neno hilo leo limebeba mashine, bomba la moshi na zamu za usiku, na mgeni kutoka Mwanza akisoma "kiwanda cha mayai" atadhani unatangaza shamba la kuku. Andika "kimanda", na pembeni uongeze "mayai na kitunguu" kwa asiyelijua. Neno lililolala kwenye kamusi huamka likiandikwa kwenye ubao wa bei.

Yanayokorogwa kikaangoni mpaka yakawa vipande vipande ni mayai ya kuvuruga. Wengine husema "ya kukoroga", na sigombani nao, ingawa kwangu kukoroga ni kwa uji na sukari, vitu vinavyozunguka na mwiko. Yai linaloganda ukilisambaratisha umelivuruga.

Na yale ya kiini kizima? Ute umeganda pembeni, kiini kimekaa katikati kinamtazama mlaji, na hapo ndipo jina lilipotoka: mayai ya macho. Likiwa moja, yai la jicho. Ni jina zuri, fupi, la watu wenyewe, na silioni sababu ya kulibadilisha. Kwa mgeni asiyelizoea, andika chini yake "hayavurugwi". Anayetaka kiini kilainike au kiive kabisa atamwambia mpishi, kwa kauli ile ile ya kutendea: "Nikaangie mawili, yaive." Na ni mawili, si "mbili". Najua wageni wako kutoka Nairobi wataagiza "mayai mbili". Wahudumie, usiwasahihishe kabla hawajanywa chai.

Nimeacha mwisho kasoro ya pili, na hii ni ya biashara kuliko ya sarufi. "Mkate wa mayai" si jina lisilo na mwenyewe, mtu akalichukua tu. Tanga, Mombasa na Unguja ni kitu kinachojulikana: mayai na sukari hupigwa mpaka yakaumuka na kugeuka meupe, unga ukaongezwa taratibu pamoja na iliki, ukaokwa. Hauna hamira, unaumuka kwa yale mayai yaliyopigwa. Hapo "wa" inasema mkate umetengenezwa kwa nini. Kama wewe unauza slesi na mayai pembeni, hivyo ni vitu viwili kwenye sahani moja, andika "mkate na mayai". Kama slesi zinachovywa kwenye yai kisha zinakaangwa, andika "mkate wa kuchovya". Vikipikwa mpaka vikawa kitu kimoja, Kiswahili cha mtaani huviweka bila kiungo chochote katikati, kama chipsi mayai, ambayo huwezi tena kuitenga chipsi na yai. Lakini kwenye mji kama wako, mgeni akisoma "mkate wa mayai" atakaa akisubiri kipande kitamu chenye harufu ya iliki. Ukimpelekea slesi mbili na kimanda cha kitunguu, atakuuliza cha kwake kiko wapi, na bei aliyoisoma ubaoni ni ya kile alichokisubiri.