Ukipewa mizizi ukaambiwa utafute polinomia

Wadogo zangu mnaoripoti kidato cha tano PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) hapa Mtwara, mliotoka Newala, Tandahimba, Ruangwa hadi Kilwa, karibuni sana. Nafundisha tuisheni za jioni huku Shangani, na kuna swali linalowaangusha hata wenye akili nzuri: umepewa mizizi, yaani thamani za x zinazoifanya polinomia (mfano x² − 2x − 1) iwe sifuri, tafuta polinomia ambayo koefishenti zake zote, yaani namba zinazozidisha vipeo vya x pamoja na ile iliyo peke yake, ni namba kamili.

Mzizi wa sehemu usikusumbue. Ukipewa 2/3, usiandike (x − 2/3) ukaburuta sehemu hadi mwisho wa ukurasa. Andika (3x − 2) papo hapo. Na −1/2 inakupa (2x + 1).

Kazi iko kwenye vipeuo. Ukipewa 1 + √2, wengi hukumbuka kwamba 1 − √2 nayo lazima iwemo, wakazidisha mabano mawili na kupotelea kwenye kujumlisha na kutoa. Kanuni hiyo ni ya kweli, ila mimi nawashauri mkiache kipeuo peke yake upande mmoja: x − 1 = √2. Pande zote ziwekeni kwenye kipeo cha pili, mtapata x² − 2x + 1 = 2, yaani x² − 2x − 1 = 0. Yule mwenzake ameshaingia bila kuitwa. Utamu wa njia hii uko kwenye √2 + √3. Hapo x² = 5 + 2√6, kwa hiyo x² − 5 = 2√6; rudia kipeo cha pili, unapata x⁴ − 10x² + 1. Jaribuni kuifikia kwa kuzidisha mabano manne, halafu mnieleze. Hata 2 + 3i, ambapo i² = −1, inakwenda hivyo hivyo: (x − 2)² = −9, ikatoka x² − 4x + 13.

Sasa unganisha 2/3, −1/2 na 1 + √2:

(3x − 2)(2x + 1)(x² − 2x − 1) = 6x⁴ − 13x³ − 6x² + 5x + 2

Usikabidhi karatasi kabla ya kuweka x = 1. Kwenye mabano unapata 1 × 3 × (−2) = −6. Kwenye jibu, jumlisha koefishenti tu: 6 − 13 − 6 + 5 + 2 = −6. Zisipolingana, umekosea kuzidisha; rudi utafute wapi. Zikilingana bado si uthibitisho kamili, lakini makosa mengi ya haraka hunaswa hapo, na hata dakika moja haiishi.

Kila mwaka kuna anayeuliza: na π je? Hiyo haina. Mwaka 1882 Mjerumani Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba, ukiacha polinomia ya sifuri tupu (koefishenti zote 0), hakuna polinomia yenye koefishenti za namba kamili ambayo π ni mzizi wake.