Nimepangiwa Nansio, mama hataki nipande meli

SWALI: Shikamoo anti. Mi ni mwalimu, ajira mpya, nimepangiwa Ukerewe, kile kisiwa cha Ziwa Victoria, na natakiwa kuripoti Nansio. Shida ni mama, tangu nimwambie halali, anasema lile ziwa limeshakula watu wengi, na mimi mwenyewe nimezaliwa na kukulia Singida sijawahi kupanda hata mtumbwi. Hivi hakuna njia ya barabara? Na maisha ya huko yakoje, au nitafute mtu wa kubadilishana naye kituo?

JIBU: Marahaba mwanangu, kwanza hongera kwa ajira. Mama usimcheke, watu wa rika lake wanaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 1996, halafu Septemba 20, 2018 ikaja MV Nyerere, watu 228 wakafa maji huku kivuko kimebakiza kidogo tu kifike gati la Bwisya. Ila mweleze vizuri, ile haikuwa meli ya Mwanza kwenda Nansio, kilikuwa kivuko cha Bugolora kwenda kisiwa cha Ukara, siku ya gulio, kimetengenezwa kubeba abiria 101 na waliopanda walizidi mara mbili ya hapo. Kwa hiyo we ukiona chombo kimejaa mpaka watu wanakaa juu ya magunia shuka, subiri kingine, hata kama umeshalipa nauli.

Daraja hakuna, maji lazima uyavuke, ila unaweza kuchagua uyavuke kiasi gani. Meli inaondokea bandari ya Mwanza Kaskazini na inachukua masaa matatu na kitu. Njia ya pili unapanda basi Mwanza unazunguka na Bunda mpaka Kisorya, hapo unavuka na kivuko kipande kifupi tu mpaka Rugezi halafu gari tena hadi Nansio, inachosha lakini kwa mtu mwoga wa maji mi ningesema ndo yako. Mitumbwi ya injini achana nayo kabisa hasa usiku, dhoruba na radi za ziwani zinapenda usiku kuelekea alfajiri.

Sasa maisha. Ukerewe sio kajiwe ka kukaa ndege, ni kama kilomita za mraba 530, hakuna kisiwa kikubwa kuliko hicho ndani ya ziwa lolote Afrika, una mashamba, mihogo, machungwa, huko Bukindo kuna jumba la zamani la machifu. Utasikia Kikerewe, Kijita na Kikara sokoni kabla hujasikia Kiswahili, na ugali utakaoletewa ni wa muhogo, na sato. Nansio yenyewe ni mji mdogo, ukitaka kuuona umechangamka nenda gatini meli ikitia nanga, makuli wanagombania mizigo, bodaboda wamepanga mstari, magunia ya machungwa yanasubiri kupanda wakati magodoro na kreti za soda zinashuka, nusu saa baadae kimya.

Na kitu ambacho barua ya ajira haijakuambia, hela ya kule inafuata mwezi, na simaanishi mwisho wa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai siku hizi sola, na taa inafanya kazi kukiwa na giza tu. Kipindi cha giza ukisimama ufukweni usiku utadhani kuna mji mwingine katikati ya maji, na madukani hela inazunguka, mbalamwezi ikitoka wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, na daftari la madeni la mangi linanenepa. We mwenye mshahara ndo utaombwa mkopo wiki hiyo, jiandae mapema na jibu lako.

Kubadilishana kituo kabla hujafika? Hapana, nenda kaone kwanza.

SWALI: Anti, nimehamia huko huko Ukerewe, watoto wanashinda wanaoga ziwani. Niwakataze?

JIBU: Ndio mama nanihii, wakataze, kichocho kule kipo kweli kweli. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi pembeni na vinapenya kwenye ngozi, si lazima unywe. Maji ya kuogea yachote uyaache siku mbili ndo uyatumie. Na wakishaoga tayari, au ukiona choo kina damu, wapeleke wakapimwe, dawa ipo.

SWALI: Nataka kuchukua dagaa Nansio nije niuze Dodoma, nitajuaje wazuri?

JIBU: Waliokaushwa kwenye chanja, sio waliomwagwa mchangani. Ingiza mkono mpaka chini ya gunia maana juu wanapanga wa kuvutia, toa mmoja tafuna palepale, ukisikia kwachu kwachu huo ni mchanga, rudisha. Kanunue katikati ya kipindi cha giza, wakati dagaa wanavuliwa, mbalamwezi bei inapanda. Na kabla hujapakia pita ofisi ya uvuvi uulizie kibali cha kusafirisha, usije ukashushwa njiani na mzigo wako.