Shangazi, Sinza wananiuliza nimeamkaje, kwetu ghorofa la 27 hakuna anayejua kama nipo

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mwanafunzi Mchina, msichana wa miaka 22, nasoma Kiswahili chuo kimoja Beijing na nimekuja Dar kwa mwaka mmoja, nimebakiza miezi miwili nirudi. Kwetu ni Wuxi, mkoa wa Jiangsu, sio mbali na Shanghai. Mwanzoni nilikaa hosteli alafu nikahamia chumba cha kupanga Sinza, nyumba ina wapangaji saba, koki ya maji moja uani, LUKU ya umeme moja tunachangia, na kila asubuhi nikitoka na mswaki naulizwa nimeamkaje, mbona jana nilichelewa kurudi, mama huko China anaendeleaje. Mwezi wa kwanza nilichoka nikawa najifungia ndani, nikaona kama napelelezwa.

Sasa mwezi wa nne akafariki mama mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, mi namjua kwa vitumbua tu nilikuwa nanunua kwake asubuhi. Saa moja haijapita turubai limeshafungwa, viti vimekuja, daftari la rambirambi lipo mezani, na mimi nimepewa kisu na beseni la vitunguu naambiwa kaa hapa na wenzio. Nikamenya mpaka usiku, kichwani namuwaza bibi yangu.

Bibi anakaa Wuxi ghorofa la 27 peke yake. Miaka miwili iliyopita alianguka bafuni asubuhi akavunjika nyonga, baba anapiga simu haipokelewi, akafika jioni baada ya kazi ndio akamkuta. Jirani wa mlango unaotazamana na wake alikuwepo ndani siku nzima. Hawajawahi kusalimiana. Zamani bibi alikuwa kiwanda cha nguo, walikaa nyumba za kiwanda, korido ndefu, majiko nje ya milango, kila mtu anajua mwenzie leo anapika nini, na mpaka leo akisema "nyumbani" anamaanisha ile korido.

Wazazi wanataka nikimaliza nitafute kazi Shanghai. Binamu yangu yuko huko kampuni ya programu, anaingia saa 3 asubuhi anatoka saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki, sisi tunaita 996 kwa kuhesabu saa za kizungu. Chakula anaoda kwenye simu kinaachwa mlangoni. Vijana kwetu wana neno neijuan, yaani mnashindana ndani kwa ndani, kila mtu anaongeza mbio na hakuna anayesogea, na waliokata tamaa wanasema tang ping, kulala chali basi. Mi sitaki hata kimoja. Shangazi, sisi Wachina tumekuwa na roho ngumu? Au ndio maisha ya kisasa na nyie mtafika huko huko? Natamani nibaki Dar, nakosea? Na watoto wa mtaani kila siku wananiita Mchina Mchina, nimezoea ila bado inauma kidogo.

Mwanafunzi wa Sinza

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa bibi. Hilo la watoto nilijibu kwanza maana ni fupi, waambie jina lako, mtoto wa uswahilini akishajua jina lako ndio atakuwa wa kwanza kumkemea mwenzie. Ila kuumia una haki, na sisi watu wazima tunaosikia tukanyamaza ndio wenye makosa.

Sasa haya mengine. Mimi nilisoma Nanjing, hapo hapo mkoani kwenu, nilifika 1999, na nilikuta jambo ambalo wewe ulikuwa hujazaliwa kuliona. Nyumba za kiwanda kama za bibi yako zilikuwa chini ya mfumo mnaouita danwei, yaani mahali unapofanya kazi ndipo panapokupa chumba, zahanati, chekechea ya mtoto, mpaka bafu la kuogea, kwa hiyo jirani yako ndiye huyo huyo aliyesimama mashine ya pembeni kiwandani na mtamaliza miaka 30 pamoja mtake msitake. Mwaka 1998 serikali ikasimamisha kugawa nyumba kwa njia hiyo, watu wakaanza kununua kila mmoja kwa mfuko wake, na viwanda vingi vilikuwa vinapunguza watu miaka hiyo hiyo. Ndani ya miaka michache ukuta mmoja unagawa familia mbili ambazo hazina kazi moja, hazikutoka mtaa mmoja, hazina hata sababu ya kugombana. Mimi nilikuwa na rafiki pale, mama yake alihama danwei akaenda ghorofani, siku ya kwanza alifurahia choo cha ndani akalia kwa furaha, miezi mitatu baadae anapanda basi kurudi kule kucheza karata. Na bibi yako muulize vizuri, kile choo cha korido baridi ya Januari kilikuwaje. Alikitaka kile alichopata, tatizo hakuna aliyemwambia bei yake.

Kwa hiyo roho ngumu hapana, nakataa kabisa. Mwaka 2022 Shanghai ilipofungwa kwa korona, miezi ya nne na ya tano, watu hawaruhusiwi kutoka na maduka ya kwenye simu yamezidiwa, majirani wa jengo moja ambao hawajawahi kusalimiana walifungua magrupu ya WeChat wakawa wanaagiza mboga kwa pamoja, mmoja anakuwa kiongozi wa oda, wanabadilishana mayai kwa soda, wazee wasiojua simu wanaagiziwa na vijana wa ghorofa la juu. Rafiki yangu huyo alikuwa huko, aliniambia alikaa jengo lile miaka tisa na majina ya watu aliyajua ndani ya wiki mbili. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba walihitajiana, na kwa mara ya kwanza walikuwa na muda. Huyo binamu yako akirudi saa 4 usiku atamjua jirani saa ngapi? Mahakama kuu ya nchi yenu ilishatamka Agosti 2021 kuwa hiyo 996 ni kinyume cha sheria, na bado watu wanafanyishwa, hili mi linaniudhi sana.

Kuna Mchina mwenzako mmoja, Fei Xiaotong, msomi wa mambo ya jamii, alizaliwa 1910 Wujiang, ng'ambo ya ziwa lenu la Tai, naye alikuwa mwanafunzi ughaibuni kama wewe, alisoma London miaka ya 1930 akiandika juu ya kijiji cha kwao. Alisema mahusiano ya mtu wa kwenu yanafanana na jiwe ukilitupa majini, mawimbi yanatoka kwako yanaenda yakififia, na kwamba mjini tunaishi na wageni kwa wageni, zile taratibu za kijijini hazitoshi. Nadhani ulipokuwa unamenya vitunguu ulikuwa umeingia kwenye wimbi la mtu, ndio maana uliguswa vile.

Umeuliza kama na sisi tutafika huko. Mwanangu tupo njiani. Dar sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Sinza unasalimiwa kwa sababu watu wazuri, ndio, lakini pia kwa sababu koki ni moja, LUKU ni moja, ukichelewa kurudi kuna mtu alibaki macho akufungulie mlango. Mimi sasa hivi nakaa Mbezi, nina ukuta, nina geti, maji yangu ndani. Mwaka jana jirani yangu wa upande wa kushoto alifiwa na mume na mimi nikajua kesho yake, nilipotoka na gari nikaona turubai. Sijawahi kuona aibu kama ile. Nilienda nikakaa mkekani, nashindwa hata kutaja jina la marehemu.

Kuhusu kubaki, ukipata kazi ya kueleweka yenye kibali, ya ukalimani au kufundisha, njoo, tutakupokea. Ila usibaki kwa kuliogopa ghorofa. Hapo Sinza wewe una tiketi ya kurudi, wenzio kwenye ile koki wapo wanaotamani bomba la ndani kama bibi alivyotamani. Na bibi yupo. Wuxi jioni wale kina mama wanaocheza dansi viwanjani, na spika yao ndogo, mpeleke, hata kama na fimbo hawezi kucheza akae pembeni atazame, wengi wao ni wa korido kama zake na wanatafutana. Alafu ule mlango unaotazamana na wake ubishe hodi wewe mwenyewe na mfuko wa machungwa, sema mimi ni mjukuu wa bibi wa hapa, hii namba ya baba yangu, tunaomba na yako. Mnao msemo kwenu kwamba ndugu wa mbali hamfikii jirani wa karibu, mi nilifundishwa na mama muuza tambi Nanjing, kwa hiyo hawatakushangaa sana.

Na hapo Sinza usije ukaondoka kimya kimya. Pita kwa wapangaji wote sita uage, upite na kwenye ule msiba, wapo waliobaki pale, uwaambie unarudi kwenu. Watakuuliza bibi anaendeleaje.