Jibu: sola ya begi au pawabenki kwa siku nne porini?

Mkuu umeuliza kwa siku nne za kutembea porini ubebe paneli ya sola ya kufunga kwenye begi au pawabenki. Mi nasema pawabenki, sola achana nayo. Njia ikipita chini ya miti na mgongo unageuka kila saa hiyo paneli hailioni jua la maana, niliwahi kuibeba siku nzima jioni nacheki simu imepanda asilimia tano tu, nilijuta. Chukua ya 10,000 mAh (hicho ni kipimo cha chaji inayobeba) ila usidhani zote zinaingia kwenye simu, nyingine zinapotea kwenye kupandisha volti na joto, ukipata 6,000 na kitu shukuru. Kinachokula chaji hasa ni simu kuhangaika kutafuta netiweki ambayo haipo, we weka flaiti modi tu, GPS bado inasoma, ila ramani pakua kabisa kabla hujatoka. Baridi nayo inamaliza betri balaa, usiku lala na simu na pawabenki ndani ya slipingi begi, mi navitia kwenye soksi kavu. Na nyaya za kuchajia beba mbili, ukiwa na moja ndo hiyo hiyo inakufa siku ya pili