Ukiniandikia kuhusu homa, niambie ni siku ya ngapi

Masika yakikolea Dar es Salaam, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. "Dokta shikamoo, mtoto anachemka, malaria hamna, nimpe nini?" Mimi ni daktari wa afya ya jamii, kazi yangu kubwa ni mbu na madimbwi kuliko wodi, lakini ndugu, majirani, na mtu aliyepewa namba na mtu aliyepewa na mtu, hawajali tofauti hiyo. Tangu mlipuko wa dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, wa 2014, na ule mkubwa zaidi wa 2019, nimejibu sana. Ninachokiona kila mara ni kwamba jibu langu haliwi zuri kuliko swali lenyewe.

Anza na siku. "Muda sasa" hainisaidii. "Juzi" ina nafuu. "Jumapili usiku" ndiyo ninayoitaka, kwa sababu dengue hailingani siku ya kwanza na siku ya tano. Mwanzoni mtu anachemka, kichwa na nyuma ya macho vinauma, viungo na mgongo kama kapigwa. Kati ya siku ya tatu na ya saba homa inashuka. Nyumbani watu wanashukuru Mungu, na wengi kweli ndiyo wanapona. Lakini kwa wachache, saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo mbaya kuliko zote: majimaji ya damu yanavuja kwenye mishipa midogo, presha inaporomoka, na mgonjwa anazidiwa huku mwili umeshapoa. Kwa hiyo ukiniandikia "homa imekatika ila amelegea sana," mimi siisomi kama habari njema.

Mama mmoja aliwahi kuniandikia hivi: "Homa ilianza Jumapili usiku. Leo Alhamisi asubuhi imekatika. Tumbo linamuuma sana, anatapika tangu alfajiri, mara ya mwisho kukojoa ni jana saa mbili usiku. Nimempa paracetamol tu." Sikuwa na la kumuuliza. Nilimjibu: hospitali, sasa hivi. Akalazwa, akatundikiwa dripu, akapona. Yule mama hakuniambia anadhani ni ugonjwa gani, na wala sikuhitaji. Maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu kwenye fizi au puani, choo cheusi, mikono na miguu ya baridi, kutotulia au kusinzia kupita kiasi, kukosa mkojo: ukiona mojawapo, usisubiri nijibu.

Jambo la pili ni dawa alizokwisha kunywa, zote, hata ile "ya maumivu tu" aliyochomwa sindano duka la dawa. Hapa ndipo huwa nakasirika, niseme ukweli. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zinaongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu mwenye dengue, na bado mtu akifika dukani na mwili unamuuma ndizo anazopewa kwanza. Ya homa ni paracetamol: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, asizidishe vinane kwa siku, mtoto kwa uzito wake. Halafu maji kwa wingi, ya kunywa kidogo kidogo: ORS, madafu, uji mwepesi, supu. Juisi ya majani ya mpapai naulizwa kila msimu. Sina ugomvi nayo, ila hakuna ushahidi wa kutosha wa kuifanya tegemeo, na mtu anayetapika haihitaji.

Kuhusu vipimo, tuelewane. Homa yoyote huku kwetu inapimwa malaria kwanza, maana malaria nayo haina subira. Kikitoka hakina kitu, usinywe dawa mseto ya malaria "kwa usalama". Haitibu dengue na inakupotezea siku. Kipimo cha dengue kiitwacho NS1 kinashika vizuri ndani ya siku tano za mwanzo. Ukienda siku ya nane ukapimwa hicho peke yake, majibu ya "hakuna" hayana maana kubwa. Hapo tunaangalia kingamwili, yaani kinga ambayo mwili umeitengeneza dhidi ya kirusi. Umeona sasa kwa nini nang'ang'ania siku?

Na karatasi ya maabara, ipige picha nzima. Watu hunitumia mstari mmoja tu: "Pletileti 60, dokta, tutafute wa kumchangia damu?" Familia nzima iko mbioni kutafuta wachangiaji, na mgonjwa amekaa anakunywa uji. Pletileti, zile chembe zinazosaidia damu kuganda, hushuka kwenye dengue na hupanda zenyewe. Zikishuka peke yake, bila kutokwa damu, kwa kawaida hazihitaji kuongezwa. Ninachotafuta ni mstari ulioandikwa HCT, yaani kiasi cha chembe nyekundu ndani ya damu. Huo ukipanda huku pletileti zinashuka, maana yake damu inakuwa nzito kwa sababu majimaji yanavuja, na hapo ndipo dripu inahesabiwa kwa uangalifu. Dripu nyingi bila hesabu nayo inadhuru, kwa hiyo za kutundikiwa nyumbani na jirani mwenye utaalamu kidogo, hapana.

Kwenye suala hili la kueleza unachokiona, huwa namkumbuka Ronald Ross. Akiwa daktari wa jeshi India, aliandikiana kwa miaka na daktari mwenzake, Patrick Manson, aliyekuwa London, barua zikisafiri kwa meli. Tarehe 20 Agosti 1897, huko Secunderabad, aliona vimelea vya malaria kwenye ukuta wa tumbo la mbu. Jina la aina ya mbu yule hakulijua. Alichoweza ni kueleza alichokiona, mabawa yale yenye madoadoa, na ilitosha. Mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel. Mwenye WhatsApp na kamera mkononi ananiandikia "hali si nzuri" halafu kimya!

Mbu wa Ross ni Anofelesi, wa usiku. Wa dengue ni Aedes, mweusi mwenye mistari myeupe miguuni, na anauma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea jioni. Huyo hataki madimbwi machafu ya mtaani mnayonipigia picha. Anataka maji yako masafi: pipa la bafuni, tairi kuukuu, kifuu, sahani ya chini ya chungu cha maua, trei iliyoko nyuma ya friji. Mwaga maji ya pipa, halafu chungulia ukutani kwa ndani, juu kidogo ya pale maji yalipoishia. Utaona vidoti vyeusi vimejipanga, kama vumbi la mkaa. Ni mayai, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakisubiri maji yarudi. Ndiyo maana kumwaga peke yake hakutoshi. Sugua ukuta kwa brashi na sabuni, suuza, jaza, funika vizuri. Fanya hivyo kila wiki, kwa sababu toka yai kuanguliwa hadi mbu kuruka ni kama siku saba hadi kumi. Simtanki hausuguliki, basi mfuniko ukae sawa na tundu la hewa lizibwe kwa wavu. Kwa maji yasiyomwagika, kuna dawa ya kibaiolojia ya kuua viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha. Ulizeni kwa bwana afya wenu.

Kupuliza dawa mtaani mnakupenda kwa sababu kuna moshi na mlio. Kunaua mbu wanaoruka saa hiyo. Mayai ya pipani hayajui kama gari limepita, na Aedes mwenyewe mara nyingi amejificha ndani, nyuma ya kabati na nguo zilizotundikwa.

Chandarua tumezoea kukishusha usiku. Mgonjwa wa dengue akilala mchana, mshushie mchana, hasa siku zile anazochemka, kwa sababu mbu akimuuma ndipo anapobeba virusi vya kuwapelekea waliobaki nyumbani. Na mkiniandikia, semeni kama aliwahi kuugua dengue zamani. Kuna aina nne za kirusi hiki. Kuugua moja kunakinga dhidi ya hiyo hiyo kwa muda mrefu, na ukipata nyingine baadaye hatari ya kuzidiwa inaongezeka. Msomaji wa Mombasa aliyeuliza kuhusu magoti kuuma miezi baada ya homa: hiyo inanukia chikungunya zaidi, homa nyingine ya virusi vya mbu, ile iliyowasumbua mwishoni mwa 2017 na 2018. Mbu ni yule yule, pipa ni lile lile.

Mjamzito, kichanga, mzee, mwenye kisukari, mwenye selimundu: hao msiniandikie kwanza. Nendeni kituoni siku ya kwanza ya homa, mtaniandikia mkiwa kwenye foleni.