Barua kwa mwanangu: kilomita 120 kwa siku tano?

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama wewe na mwenzako mnaweza kuimaliza njia ile ya kilomita 120 kwa siku tano, ili katika likizo yenu ya siku saba mbaki na mbili za kupumzika nyumbani. Mimi nasema tembeeni siku sita, na ya saba muiache wazi.

Umegawa 120 kwa tano, ukapata 24, ukaona si kitu kwa sababu siku za mapumziko unatembea umbali huo bila shida. Lakini kilomita peke yake haikwambii kitu. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Uskoti, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika mpaka leo: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Fungua ramani uitazame siku yako ya pili. Fuata njia kwa ncha ya kalamu na uhesabu kila mstari wa kontua, yaani ule unaounganisha sehemu zenye kimo kimoja, unaoukata ukiwa unapanda. Kama mistari imeachana mita 10 za kimo, mistari 90 ni mita 900. Usitoe tu kimo cha mwanzo kwenye kimo cha mwisho, maana njia ya milima na mabonde inaweza kukuanzisha na kukumaliza kwenye kimo kilekile huku imekukamua siku nzima.

Haya, kilomita 24 ni karibu saa tano. Mita 900 ni saa moja na nusu. Tayari zinapita saa sita, na hapo hamjala, hamjachota maji, hamjasimama kubishana njia imekata wapi. Tena Naismith alimpigia hesabu mtu mwenye nguvu na mzigo mwepesi. Kwa mtu mwenye hema mgongoni mimi huongeza theluthi, inakuwa zaidi ya saa nane. Na mwendo wenu si wako, ni wa mwenzako. Umeniandikia mwenyewe kwamba yeye hutembea taratibu, kwa hiyo hesabu zote zifanyeni kwa miguu yake.

Siku ya kwanza na ya pili ziwe fupi. Mwili haujazoea mzigo, na shanta inakuwa nzito kuliko siku zote kwa sababu chakula bado kimo. Ningepanga hivi: 15, 18, 22, 22, 22, 21. Namba hizo hazitakaa sawasawa, kwa sababu mtalala penye maji na paliporuhusiwa kupiga hema, si pale kikokotoo kinapotaka. Sehemu nyingine kambi hujaa miezi mizima kabla, kwa hiyo ulizia vibali kwanza, ndipo ununue tiketi ya safari. Watu wengi huanza na viatu! (Viatu vyenyewe, kama ni vipya, vivae kuanzia leo.)

Mzigo usizidi sehemu moja ya tano ya uzito wako. Panda kwenye mizani ukiwa na shanta, kisha bila shanta, tofauti ndiyo mzigo. Msibebe maji ya siku nzima kama kuna vijito njiani, kwani lita moja ni kilo moja. Maji ya kijito yachemsheni mpaka yatokote dakika moja kamili, na mkiwa juu ya mita 2,000 ziwe dakika tatu, kwa sababu huko maji hutokota kabla hayajapata joto la kawaida la kuchemka. Vichujio vingi vya mkononi huzuia bakteria na vimelea lakini virusi hupita, basi msivitegemee peke yake mahali penye mifugo au makazi ya watu juu yenu.

Kuhusu miguu nitakusumbua kidogo. Malengelenge hutoa taarifa kabla hayajatoka: unahisi joto mahali pamoja, mara nyingi kisigino au ubavu wa kidole kidogo. Hapo simama. Usiseme tutaangalia tukifika kileleni. Vua kiatu na soksi, kausha ngozi mpaka isiwe na unyevu, bandika plasta ya kitambaa bila mkunjo, vaa soksi kavu. Ni dakika tano. Ukilipuuza, kesho yake utachechemea, na kuchechemea huhamishia maumivu kwenye goti.

Siku ile ya saba ni ya mvua, goti au mto uliojaa. Msipoitumia, pumzikeni.

Jambo la mwisho ni langu. Niachie ratiba iliyoandikwa: mtalala wapi kila usiku, wapi mnaweza kuiacha njia na kufika barabarani, na namba ya waokoaji wa eneo lile. Andika pia saa. Kama hujanipigia hadi saa mbili usiku siku ya saba, je, niwapigie waokoaji usiku huohuo, au ningoje kukuche? Amueni wawili, mniandikie, nami nitafuata hivyohivyo.

Mama yako