Kondo ni vita

Mmeuliza wiki hii kama ni vizuri kumpa mtoto wa kiume jina la asili ambalo wengi hawalijui. Mimi naitwa Kondo, mtu wa Mbagala, na swali limenigusa pabaya. Ila mimi ningeuliza hivi: nani anamweleza mtoto jina lake kabla wenzake hawajamweleza?

Kondo kwa Kiswahili cha zamani ni vita. Ni jina la tukio, kama Masika au Tabu. Siku hizi watu wanajua kondo ya nyuma tu, na makarani huniongezea o nikasomeka Kondoo.

Nilikuwa kidato cha pili. Mwalimu wa bayolojia alichora mtoto tumboni, akaishusha chaki kwenye kitovu mpaka mwisho wa kamba, akasema, "Hii ndiyo kondo ya nyuma." Darasa zima likanigeukia. Wa mbele yangu akauliza, "Na ya mbele je?" Mwalimu naye akacheka. Kicheko chake ndicho kilichoniuma. Wiki nzima nilitoka nyumbani na madaftari nikashinda kituo cha basi. Siku ya Ijumaa nikarudi mapema, nikamkuta bibi amekuja kutoka Kisarawe, anapepeta mchele. Nikamwambia nataka kubadili jina. Akaweka ungo chini, akawa anachambua chuya mojamoja bila kunitazama. "Babu yako kazaliwa porini, mama yake anawakimbia Wajerumani. Mihogo yote wameichoma. Ndiyo akaitwa Kondo. Sasa wewe unalikataa kwa ajili ya nani?"

Baadaye nilisoma kuwa vita vya Majimaji vya kuwapinga Wajerumani vilianzia Umatumbi, kule kusini, Julai 1905, moto ukafika Uzaramo, iliko Kisarawe, na hadi 1907 Wajerumani walikuwa wameteketeza vyakula makusudi ili njaa iwamalize watu. Miaka hiyo bibi hakuwa nayo kichwani. Mihogo alikuwa nayo.

Nimeanza kuandika nikitaka kusema kila mzazi ayarudishe majina ya wazee. Lakini mwanangu mwenyewe nilimwita Ibrahimu, kwa sababu ya darasa lile, na sidhani kama nilikosea. Sasa binti yangu ana mimba ya miezi saba. Akijifungua wa kiume nitaomba aitwe Kondo, mkwe akiridhia, na mimi nipate kumsimulia ile mihogo kabla hajaanza darasa la kwanza. Wakikataa, nitamwita hivyo mimi peke yangu, hapa nyumbani.